Taa Isiyo na Swichi

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kunisema kwamba nimekaa mwezi mzima bila kuandika, kwa hiyo fungua kwanza kifurushi ndipo unigombeze.

Ndani kuna taa ya kuweka mezani jikoni. Usihangaike kuitafutia swichi, haina. Ichomeke kwenye soketi, basi. Ukiingia itaamka yenyewe polepole, ukitoka itasinzia. Nimekumbuka unavyosema ile balbu ya darini inakupiga machoni kama askari mwenye tochi.

Hii ndiyo kazi yangu, mama, ile unayoniuliza kila mara nikashindwa kuieleza. Wenzangu wengi wanatengeneza mashine zenye kelele: bonyeza hapa, thibitisha pale, umesahau hiki. Mtu mwenye mashine tano nyumbani ni kama ana watoto wachanga watano. Mimi kazi yangu ni kuzifundisha adabu. Mashine ikae pembeni, isikuvute nguo, isikuulize maswali wakati umeshika sufuria ya moto. Mkurugenzi wetu ana maneno yake ameyabandika mpaka mlangoni: "Mtumiaji asijue ipo." Namna taa hiyo inavyowaka tu nimeibadilisha mara arobaini, mpaka ikawa mtu haoni ilipoanza.

Goti linaendeleaje? Tangu ulipoteleza bafuni mwaka jana sina raha. Tembea na ile fimbo, hata kama unasema inakuzeesha.

Mwanao,
Kitindamimba


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefungua, na bado nakugombeza.

Taa imefika nzima. Nimeiweka mezani kando ya birika. Siku ya kwanza niliifanyia vituko. Nikaingia kwa kunyata kama mwizi, ikawaka. Nikaingia kinyumenyume, ikawaka. Nikasimama mlangoni nimebana pumzi, ikakaa kimya mpaka nilipokohoa. Fundi saa wa mlango wa pili alinikuta naruka kizingiti, akauliza kama nimeanza kuwehuka. Nilipomwonyesha, aliitazama sana, akasema, "Hii ina adabu kuliko wakwe zangu wote watatu." Tangu siku hiyo tunaiita Mkwe. Wewe hujaniletea mwingine, acha huyu akae.

Hapa kwenye nyumba za wastaafu hakuna jipya. Lifti imekufa tena. Mshonaji wa ghorofa ya chini anakohoa, namwambia aende hospitali, ananijibu ana gauni la bibi harusi la kumaliza.

Na lile suala la kuninunulia simu, ndugu zako wamelianzisha tena. Sitaki. Miaka thelathini na moja nimekaa mbele ya swichibodi ya simu nikiunganisha watu wasiojuana na watu wanaojuana mno. Siku nilipovua zile spika za masikioni niliapa kwamba atakayenitaka ataandika au atakuja. Wewe peke yako ndiye uliyenielewa.

Goti lipo, nami nipo.

Mama yako


3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naandika mbio mbio, karani wa vifurushi ananisubiri.

Ulikuwa unaumwa? Toka Jumanne asubuhi mpaka Alhamisi jioni hukukanyaga jikoni. Hata maji hukuchemsha. Fundi saa nimempigia mara tatu, simu yake haipatikani. Leo ulipofungua bomba saa moja kasoro asubuhi nilikaa chini nikalia pale pale ofisini, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Niambie ukweli. Ni goti au ni kifua? Ukinificha nitajua.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Sikuumwa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliisoma kama mama, nikasikitika kwamba nimekutia hofu. Mara ya pili nikasimama penye neno "bomba." Nani alikuambia nilifungua bomba Ijumaa saa moja kasoro? Fundi saa alikuwa kwa mwanawe, na wewe mwenyewe unasema hukumpata. Nikatazama huku na huku jikoni. Birika, sufuria, kalenda, mimi. Na Mkwe.

Fundi saa aliporudi nilimpelekea. Akaigeuza, akavaa lile jicho lake la kioo la kukuzia vitu vidogo, akafungua skrubu nne. Kisha akachomoa kitu kidogo kama ukucha kwa kibanio.

"Unajua hii ni nini?"

"Wewe ndiye fundi."

"Ni laini ya simu, dada yangu. Taa yako inapiga simu."

Miaka tisa nimekataa simu humu ndani, na wewe ndiye niliyesema umenielewa. Kumbe umenipachikia moja mezani, inayonisikiliza kutwa na isiyoniachia nafasi ya kusema hata haloo. Kazini tulikuwa na jina la mtu anayekaa kwenye laini ya wenzake bila kujitaja. Siliandiki, kwa sababu ni tusi na wewe nimekuzaa.

Siku tatu hizo nilikuwa chini kwa mshonaji. Kikohozi kilimlaza. Nimemwogesha, nimemlisha kwa kijiko, nimekwenda dukani kumletea dawa, nimekaa na gauni la watu nikishona vifungo vilivyobaki ili asipate presha. Taa yako ikakuambia mama yako amelala kama gogo. Hata upelelezi haiuwezi!

Sasa nijibu moja moja. Umeniona nikivaa? Umenisikia nikisema peke yangu? Nilipomkumbuka marehemu baba yako nikalia, ulikuwepo?

Mkwe nimemng'oa kwenye soketi akaendelea kuwaka, ana betri tumboni. Nimetafuta pa kumzimia nimekosa. Yumo ndani ya sufuria kubwa, nimefunika, na juu ya mfuniko nimeweka pasi.

Mama yako


14 Aprili

Mama,

Shikamoo, ingawa huenda hutaki kuipokea.

Najibu moja moja. Haina jicho, sijakuona ukivaa. Inasikia mtikisiko wa hatua zako kupitia miguu ya meza, na sauti ya maji, na mlango. Maneno haiyatunzi. Nilichokuwa naona kwenye simu yangu ni mstari tu: mama yuko jikoni, mama amefungua bomba, mama ametoka. Ulipolia sikuwepo. Natamani ningekuwepo, kwa njia iliyo sawa.

Nilikudanganya. Mkurugenzi anasema mtu akijua anapimwa hubadilika, na kipimo chote kinaharibika. Majaribio yanataka watu wasiojua. Lakini sitamsukumia yeye kila kitu. Mimi nilikuwa na sababu yangu, nayo ni saa tano. Saa tano ulilala kwenye sakafu ya bafuni mwaka jana mpaka msoma mita alipokusikia. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye mkutano nikibishana kuhusu rangi ya kitufe. Tangu hapo kila ninapokaa kula nahesabu umekaa muda gani bila mtu kukusikia.

Ningekuuliza ungekataa. Unajua ungekataa. Nikaona heri unichukie ukiwa mzima.

Kasirika utakavyo, mama, ila usiitupe. Habari zake zinakuja kwenye simu yangu tu, hakuna mwingine anayeziona.

Mwanao


29 Aprili

Binti yangu,

Nilikusudia kukaa kimya mpaka hasira ipungue. Imeongezeka.

Nakunakilia barua iliyosukumwa chini ya mlango wangu juzi, neno kwa neno: "Ofisi ya Nyumba inakuarifu kwamba kumbukumbu za mwenendo zinaonyesha mpangaji wa chumba namba 43 hakujongea kwa siku tatu mfululizo. Mtathmini atafika tarehe 22 Mei kupendekeza iwapo mpangaji ahamishiwe makao ya uangalizi."

Makao ya uangalizi unayajua. Ni yale ambayo kitasa cha mlango kiko upande wa nje.

Ulisema habari zinakuja kwako tu. Ama hukujua, ama umenidanganya mara ya pili. Sijui lipi ni baya zaidi kwa mtu anayejiita fundi.

Baada ya kuisoma nilivaa viatu nikapita mlango kwa mlango, orofa zote nne, na goti langu hili. Taa ziko kumi na mbili humu, ukihesabu na yangu. Wengine walipewa na watoto wao, wengine waliletewa na Ofisi yenyewe wakaambiwa ni zawadi ya wastaafu. Mzee aliyekuwa mpagazi wa stesheni huiaga yake kila anapotoka, "Nakwenda, narudi." Barua kama yangu wamepata watatu. Mmoja wao alikuwa amelazwa hospitali kupasuliwa jicho, ndiyo maana hakujongea nyumbani kwake!

Wote nimewaambia taa hiyo ni kazi ya nani. Usidhani nimekuficha.

Mama yako


4 Mei

Mama,

Shikamoo. Sikujua. Naapa kwa kaburi la baba. Na umesema kweli, kutojua hakuniokoi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda nayo moja kwa moja kwa mkurugenzi bila kugonga. Nikaiweka mezani kwake.

Akaisoma, akasema, "Mkataba na Ofisi ya Nyumba upo tangu Novemba. Nilidhani unajua."

"Novemba ndipo ulipoondoa swichi."

"Swichi inamkumbusha mtu kwamba kuna kitu. Si wewe mwenyewe unayefundisha hivyo? Mtu asijue kipo?"

"Nilisema kisimsumbue. Sikusema kimchongee."

"Unakuza mambo."

"Mama yangu anatishiwa kuhamishwa kwa sababu alikwenda kumuuguza jirani."

Hapo akalainika, mama, na hilo ndilo lililonitisha. Akavuta kiti, akaniambia kwa upole kabisa, "Ungesema mapema ni mama yako. Huyo tunamtoa kwenye orodha, wewe ni mtu wetu."

"Na wale kumi na mmoja?"

Akatazama saa yake.

Kisha akanitolea karatasi. Tarehe 15 Ofisi ya Nyumba inakuja kuonyeshwa taa kabla hazijasambazwa kwenye nyumba mia nane. Wanataka saini ya aliyezibuni, chini ya maneno kwamba watu wote wa majaribio walielezwa na wakaridhia. Nikisaini, chumba namba 43 kinafutwa kesho yake.

Nilitoka na karatasi ile mkononi. Sikusaini, lakini sikukataa pia. Nilisema nitafikiri. Mama, iko hapa kando ya barua hii ninayoandika, na kalamu ni hii hii. Ninachoona aibu kuliko vyote ni kwamba sikusema hapana pale pale. Nilikuona kwenye chumba chenye kitasa upande wa nje, ulimi ukawa mzito.

Nifanye nini?

Mwanao


10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ile niliyokunyima mwezi uliopita ihesabu humo humo.

Ukisaini ili nifutwe mimi, nitakwenda Ofisi ya Nyumba kujiandikisha upya kwa mkono wangu. Usije ukasema hukuambiwa.

Sasa kaa nikusimulie jambo. Ndugu zako hawalijui.

Swichibodi yetu ilikuwa na funguo ndogo za kuingilia kwenye laini. Watu wakiwa wanaongea, na kuna simu ya dharura inawasubiri, unausukuma ufunguo unaingia katikati yao. Ulipoingia kulikuwa na mlio mdogo: tik. Haukumkata mtu maneno. Wengi waliendelea tu na mazungumzo yao. Lakini walikuwa wameusikia, wanajua opereta yumo, na mwenye siri anaimeza kwanza.

Siku moja msimamizi akaja na fundi. Akataja namba nane za wateja. Kwa hao, akasema, tuwe tunaingia bila mlio na tumwandikie wanayosema. Fundi akaziba mlio kwa dakika kumi tu, kazi nyepesi. Wenzangu wakatazama chini. Mimi nilikuwa na wewe nyumbani, una miaka miwili, na baba yako hana kazi.

Basi kila nilipoingia kwenye laini zile, nilikohoa.

"Umepatwa na nini?" msimamizi akauliza.

"Kikohozi, bwana. Nimeshakunywa kila dawa."

Siku ya tatu jirani yangu wa kushoto naye akaanza kukohoa. Wiki ya pili chumba kizima kilikohoa, opereta kumi na wanne, ungedhani ni wodi. Wateja wakashtuka, wengine wakaja kaunta kuuliza kulikoni. Mimi nilitajwa kuwa ndiye niliyeleta ugonjwa. Nikahamishiwa stoo ya makaratasi, mwaka mmoja na nusu, sina dirisha. Niliporudi, mlio ulikuwa umerudishwa.

Mlio ule haukumsumbua mtu yeyote, mwanangu. Wewe uliyesomea kutosumbua, ulianzia wapi kuchanganya kutosumbua na kujificha? Anayeingia polepole na anayeingia kwa siri hawatembei mguu mmoja.

Na mimi nina langu la kukiri, maana siwezi kukunyooshea kidole na mkono mwingine nimeukunja. Nilianguka tena. Februari, kabla hujaleta Mkwe. Si bafuni, ni hapa hapa jikoni, nikakaa sakafuni toka asubuhi mpaka mchana, nikijivuta kidogo kidogo mpaka kwenye kiti. Sikukuambia kwa sababu nilijua utanifunika nyumba nzima kwa magodoro. Kwa hiyo hofu yako haikuwa ya bure. Nilikuwa natamani mtu ajue. Lakini nataka nimjue ni nani, nataka nijue anaponisikiliza, na nataka niwe na uwezo wa kumfungia.

Umeniuliza ufanye nini. Una miaka thelathini na nne. Mimi tarehe 22 nina mgeni na ninajiandaa. Wewe una wako tarehe 15.

Mama yako


16 Mei

Mama,

Shikamoo. Magodoro kweli ningeleta. Nimecheka, kisha nikalia sana kwa ajili ya Februari.

Jana walikuja. Mkuu wa Ofisi ya Nyumba, ambaye ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na wasaidizi wawili. Mkurugenzi akafungua mkutano, akanikaribisha nionyeshe taa na nisaini mbele yao. Kwenye meza ile ya mikutano taa yetu imekaa mwaka mzima. Kila mtu pale ofisini anaijua, wengi walinisaidia kuitengeneza. Wameizoea mpaka wanaitundikia kofia.

Nikasimama, nikasema, "Kabla ya nyumba za wastaafu, tuone inasema nini kuhusu chumba hiki." Nikafungua kumbukumbu zake kwenye skrini ya ukutani.

Nikawasomea. "Jumatano iliyopita, mtumiaji mmoja aliingia saa tatu asubuhi, akakaa kwenye kiti cha mwisho, na hakujongea mpaka saa nane mchana. Alhamisi vilevile. Kwa kipimo tulichowapa Ofisi ya Nyumba, mtu huyo hafai tena kuishi peke yake. Napendekeza mkurugenzi wetu ahamishiwe makao ya uangalizi."

Mmoja wa wasaidizi alicheka, akajizuia. Yule mama wa miwani hakucheka. Alikuwa anaitazama taa, kisha akarudisha kiti chake nyuma kidogo.

"Inatusikia sasa hivi?" akaniuliza.

"Tangu ulipofungua mlango."

"Zima hiyo!" mkurugenzi akasema.

"Haina swichi, mkurugenzi. Uliiondoa mwenyewe Novemba."

Akaing'oa kwenye soketi. Ikaendelea kuwaka. Mama, sikuwa nimepanga hilo, nilisahau kabisa habari ya betri! Akabaki ameishika mkononi, inamwangazia uso.

Hapo nikatoa taa ya pili. Nilikuwa nimeitengeneza siku nne zile baada ya barua yako. Ina swichi ubavuni, kubwa, ya kushikika hata na kidole chenye baridi yabisi. Ina kifuniko cha mbao cha kuvuta kwa mkono, ukikifunga haisikii chochote, na hakuna fundi wala programu inayoweza kukifungua kutoka mbali. Inapoanza kusikiliza inatoa mlio mmoja mdogo, na inapotuma habari inatoa mwingine. Majina ya wanaopokea habari yameandikwa chini yake kwa wino, na mwenye nyumba ndiye anayeyaandika. Nikawaonyesha. Nikawaambia watu kumi na wawili hawakuelezwa na hawakuridhia, mmoja wao ni mama yangu mzazi, na mimi ndiye niliyemdanganya. Nikaiweka karatasi mezani bila saini.

Mama wa miwani akaichukua, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake. Sijui ataifanyia nini.

Kwenye korido mkurugenzi akaniambia niache kitambulisho mapokezi. Taa ya pili wamebaki nayo, kisheria ni mali yao. Sina kazi, sijawahi kukosa kazi tangu nimalize shule. Lakini nilisema hapana, mama, na nilisema kwa sauti.

Tarehe 22 nataka kuja kukaa karibu nawe. Ukikataa nitaelewa.

Mwanao


24 Mei

Mwanangu,

Barua yako ilifika siku hiyo hiyo ya 22 mchana, mtathmini ameshakuja na kuondoka. Kwa hiyo nimepigana peke yangu, na nakuambia nilivaa lile gauni la bluu.

Alikuja kijana wa watu, na faili kifuani kama ngao. Korido ilikuwa imejaa. Wote kumi na mmoja walitoka wamesimama milangoni mwao, kila mmoja na sufuria imefunikwa, taa imo ndani. Sikuwapangia hivyo. Nilimwonyesha mpagazi sufuria yangu siku moja, mambo yakaenda yenyewe. Aliyepasuliwa jicho alikuja na kitambaa chake usoni. Kijana akapita katikati yao akisema samahani, samahani, mpaka chumba namba 43.

Akaniomba nitembee kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Tembea wewe kwanza," nikamwambia, "nione unavyotaka iwe."

Akatembea, maskini! Fundi saa akamwambia anavuta mguu wa kushoto.

Kisha nikatembea mimi. Sikuficha fimbo. Nikamwambia goti ni bovu, nimeanguka mara mbili, tarehe hizi na hizi, aandike. Akaandika. Nikamwambia na lingine aandike, mahali nilipokuwa siku zile tatu, nikamshusha ngazi mpaka kwa mshonaji. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani. Hakuinuka, alimtazama juu ya miwani, akasema, "Baba, unamtafuta mtu asiyejongea? Huyo aliyenibeba bafuni ndiye unayemtafuta?" Akarudi kwenye mshono wake.

Kijana alisimama pale akikuna kichwa. Mwisho alitufungulia faili tuone wenyewe. Juu kabisa kulikuwa na agizo la mkuu wake, la tarehe 18: kumbukumbu za taa zisitumike kumhamisha mtu mpaka uchunguzi umalizike, na kila mpangaji aulizwe kama anaitaka. Chini yake imebanwa ile karatasi yako isiyo na saini. Alikuwa na agizo lile mkononi muda wote huo, na bado akanitembeza! Nilimwambia hivyo. Akasema alitaka kujiridhisha.

Kwenye fomu yangu ameandika maneno matatu: "Anajitunza. Anatunza wengine." Nimemwomba nakala.

Usidhani vita imekwisha. Uchunguzi ni uchunguzi, na kampuni yenu ina watu wenye ulimi mrefu. Taa tisa zimerudi Ofisi ya Nyumba kwenye boksi moja, mpagazi amelibeba mwenyewe. Tatu zimebaki, za watu wanaotaka mtu ajue wakianguka. Mmoja wao ni mpagazi huyo huyo, na mwingine ni mimi. Ila hatuzitaki zilivyo. Fundi saa amesafisha meza yake nusu, amesema nusu hiyo ni yako, na kwamba swichi anaweza kuchonga hata kesho ukimwonyesha inapokaa. Wanakuuliza mengi, wengine kwa hasira. Utawajibu mwenyewe, sitakusemea.

Mimi bado sijakusamehe yote. Nimesamehe kama nusu, hiyo nyingine inakuja kwa mwendo wake, usiivute.

Njoo. Usimpigie fundi saa kwanza umuulize kama nipo, wala usimtume mtu achungulie. Panda ngazi, ukifika mlangoni gonga kama mtu mwingine yeyote, kisha usubiri. Kama sitaki kukufungulia, sitafungua.

Lakini nitafungua.

Mama yako